Maambukizi ya bakteria kwenye damu kwa mgonjwa aliyelazwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wauguzi, watu wa maabara na watunza kumbukumbu za afya ambao hunisimamisha kwenye korido wakiwa na faili mkononi. Yanayorudi kila wiki ndiyo niliyoyaweka hapa. Mifano mingi ni ya wodi za Tanzania, na pale kanuni inapokuwa ya nchi nyingine nimeitaja.

## Mambo ya msingi

1. Bakteremia, septisemia na sepsisi: ni kitu kimoja?

Hapana. Bakteremia ni jibu la maabara: bakteria wameota kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Mtu anaweza kuwa nayo kwa muda mfupi baada ya kung'olewa jino na asiugue kabisa. Sepsisi ni hali ya mgonjwa mwenyewe: mwili unapambana na maambukizi kwa namna inayoharibu viungo vyake, na uhai uko hatarini. Maana hiyo ilikubaliwa mwaka 2016, na kipimo chake ni alama za SOFA (zinazopima viungo vimeathirika kiasi gani) kupanda kwa 2 au zaidi. Septisemia ni neno la zamani lililobeba yote mawili, na ukiliandika leo anayesoma hawezi kujua ulikusudia lipi.

Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na bakteremia bila sepsisi, na anaweza kufa kwa sepsisi ya nimonia bila damu yake kuota chochote. Sehemu kubwa ya makosa ya misimbo (namba za kuainisha magonjwa) yanayozungumzwa huko chini huanzia kwenye mkanganyiko huu.

2. Ndugu wanauliza kama ni "mchafuko wa damu". Niwajibu nini?

Mtaani jina hilo hubeba majipu, vipele na mwasho, na wengi wakilisikia wanafikiria dawa za kusafisha damu. Usiwakatalie kwa ukali. Waeleze kwa maneno ya kawaida: "Mama, vijidudu vya kwenye kile kidonda cha mguu wa baba vimeingia kwenye damu. Vinashambulia figo na mapafu. Dawa anayopata inapita kwenye mshipa, na hatuwezi kuikatisha hata akijisikia nafuu."

Kisha uliza wewe: ugonjwa ulianzia wapi, na alinunua dawa gani duka la dawa kabla ya kuja? Kapsuli mbili za amoksilini za juzi zinaweza kueleza kwa nini chupa za damu hazikuota kitu. Jibu hilo liandike.

3. Nitamtambuaje mgonjwa wa sepsisi kabla maabara haijajibu?

Kwa kupima vitu vinavyopimika kando ya kitanda, na kuvipima kweli. Kasi ya kupumua ndiyo inayodanganywa zaidi kwenye chati zetu. Ukiona wagonjwa kumi mfululizo wanapumua mara 20 kwa dakika, jua hakuna aliyehesabu. Hesabu kwa dakika nzima. Pumzi 22 au zaidi, presha ya juu kuwa 100 au chini yake, na fahamu iliyobadilika ndiyo mambo matatu ya qSOFA, yaani SOFA ya haraka. Lakini miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inashauri qSOFA isitumike peke yake kuchuja wagonjwa, kwa sababu inawakosa wengi.

Kwa watu wazima wa kwetu napenda alama za UVA, zilizochapishwa mwaka 2017 kutokana na takwimu za wagonjwa waliolazwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Zinatumia joto, mapigo, kupumua, presha, oksijeni na fahamu, na zinahesabu pia maambukizi ya VVU. Fahamu iliyopungua ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko vyote. Hakuna kipengele kinachohitaji maabara kubwa.

Mtoto mchanga hafuati sheria hizi. Kwake angalia kama amekataa kunyonya, anapumua mara 60 au zaidi, kifua kinabonyea sana, joto ni 38 au zaidi ama chini ya 35.5, ana degedege, au hajongei mpaka aguswe. Mtoto mchanga aliyepoa anatisha kuliko mwenye homa.

4. Kipimo cha malaria kimetoka chanya. Bado nioteshe damu?

Mtoto akiwa na malaria kali, ndiyo. Malaria kali na bakteria kwenye damu hukaa kwenye mwili mmoja, hasa Salmonella zisizo za taifodi, na kwenye maeneo yenye malaria nyingi vimelea vinaweza kuonekana hata kama ugonjwa unaomuua mtoto ni mwingine.

Hospitali ya Kilifi, Kenya, ilioteshea damu watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002. Bakteremia waliyokuja nayo kutoka nyumbani ilihusika na angalau 26% ya vifo vya watoto wodini, ikaipita malaria iliyokuwa na 22%. Theluthi moja ya watoto wenye bakteremia waliofariki walikufa siku ileile ya kulazwa. Muhimbili nako, mwaka 2001 na 2002, watoto wenye bakteria wa Gram hasi (kundi la kina E. coli na Klebsiella) kwenye damu walifariki kwa 43.5%, zaidi ya mara mbili ya wenye malaria. Namba hizi huwa nazirudia kwa kila kundi jipya la madaktari.

5. Widali imetoka chanya. Nimepata taifodi?

Hapana. Widali, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za taifodi, inachanganya maambukizi ya zamani, chanjo na magonjwa mengine. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu, ingawa damu nayo hukosa karibu nusu ya wagonjwa. Kuhusu msimbo wake tazama swali la 19.

## Kuchukua damu

6. Dawa kwanza au damu kwanza?

Damu kwanza, kama inaweza kupatikana ndani ya dakika chache. Mgonjwa mwenye mshtuko, au ambaye sepsisi yake haina shaka, apate antibayotiki ndani ya saa 1. Asiye na mshtuko na ambaye bado unamchunguza una hadi saa 3. Mshipa ukigoma kupatikana na presha inashuka, toa dawa.

Kama dawa imeshaanza, usiseme basi tena. Chukua damu kabla tu ya dozi inayofuata, na uandike kwenye fomu dawa gani imeingia na saa ngapi.

7. Damu kiasi gani?

Kwa mtu mzima, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Mtoto mchanga angalau mililita 1, na mtoto mdogo 1 hadi 3, kwenye chupa ya watoto. Sababu ni ya hesabu tu: kwenye damu ya mtu mzima bakteria mara nyingi hawafiki hata mmoja kwa mililita. Ukichukua mililita 2 unaweza kuwaacha wote kwenye mshipa.

Tumezoea kusema vifaa havitoshi. Kama una chupa mbili tu, weka moja kwa kila mkono, zijae. Chupa mbili kutoka mikono miwili zitakusaidia kujibu swali la 12. Chupa moja haitakusaidia.

8. Hatua zenyewe za kuchukua ni zipi?

Nawa mikono. Funga mkanda, tafuta mshipa kwa kidole, kisha ulegeze. Toa vifuniko vya chupa na upanguse mpira wa juu kwa spiriti ya 70%. Watu wengi hudhani mpira ule umetoka kiwandani ukiwa safi. Hauko safi. Paka ngozi klorheksidini 2% yenye spiriti, ukisugua mbele na nyuma, halafu subiri ikauke yenyewe angalau sekunde 30. Usipulize, usipepee na karatasi. Baada ya hapo usiuguse tena mshipa kwa kidole. Kuugusa tena "kuhakikisha tu" ndiko kunakoingiza bakteria wa ngozi, na nimeona mkono stadi wa miaka ishirini ukifanya hivyo bila mwenyewe kujua.

Choma, vuta, ingiza kwenye chupa ya kuotesha damu kabla ya mirija ya vipimo vingine. Tikisa taratibu. Usichukue damu kupitia kanula iliyokaa tangu jana. Mrija wa mshipa mkubwa ndio peke yake unaoruhusiwa, na ni pale unaposhukiwa wenyewe kuwa chanzo. Hapo seti moja itoke kwenye mrija na nyingine mkononi, na kila chupa iandikwe ilipotoka.

9. Usiku maabara imefungwa. Chupa zikae wapi?

Kwenye joto la kawaida la chumba, na zifike maabara mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2. Zisiwekwe kwenye jokofu kamwe.

Nimewahi kufungua jokofu la dawa la wodi Jumatatu asubuhi nikakuta chupa nne zimepangwa vizuri kando ya insulini, zote za watoto, zote za Jumamosi. Muuguzi aliyeziweka alikuwa makini: alizoea kwamba sampuli huhifadhiwa baridini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pneumokoki na meningokoki hufa kwa baridi. Chupa zote nne zilijibiwa "hakuna kilichoota". Majibu hayo yalikuwa hayana maana yoyote, lakini yangeingia kwenye faili kama ukweli. Tangu hapo, kila jokofu ninaloliona limebandikwa karatasi.

10. Fomu ya maabara ijazwe nini?

Sehemu ya mwili damu ilipotoka, saa iliyochukuliwa, antibayotiki zilizoshaanza, na unachoshuku kuwa chanzo. Andika saa kwa mfumo wa saa 24. Muuguzi anaandika kwamba dawa ilitolewa "saa 3" akimaanisha 21:00, daktari anayetoka zamu anasoma 03:00, na hapo dawa inaonekana imetangulia damu kwa saa kumi na nane. Kwenye mazungumzo saa ya Kiswahili ni yetu na iendelee. Kwenye karatasi ya mgonjwa iwe moja tu.

## Kusoma majibu

11. Maabara wamepiga simu: "Gram hasi, vijiti." Nifanye nini?

Usisubiri jina. Nenda kwa mgonjwa, angalia kama dawa anayopata inawafikia vijiti vya Gram hasi, na uandike: nani alipiga, saa ngapi, alisema nini, umebadilisha nini. Simu isiyoandikwa hupotea zamu ikibadilika.

12. Nitajuaje kama ni bakteria wa ngozi tu?

Anza na jina. Staphylococcus aureus, pneumokoki, E. coli, Klebsiella, Salmonella, Pseudomonas aeruginosa na Candida wachukuliwe kuwa ugonjwa, hata wakiota kwenye chupa moja. Kwa upande mwingine, stafilokoki wasio na koagulasi, Corynebacterium, Micrococcus, Cutibacterium acnes na Bacillus wengi hutoka kwenye ngozi. Hao waaminiwe pale mdudu yuleyule anapoota kwenye chupa mbili zilizochukuliwa kwa michomo tofauti na mgonjwa ana dalili, hasa akiwa na mrija wa mshipa mkubwa au vali bandia ya moyo. Kuota kwa kuchelewa, baada ya saa 24, kunaongeza shaka lakini hakutoshi peke yake.

Ukiamua ni uchafuzi, andika neno hilo na sababu yake, kisha simamisha dawa iliyoanzishwa kwa ajili hiyo. Chupa chafu iliyokaa kimya kwenye faili itahesabiwa na mtu mwingine kuwa maambukizi ya hospitali. Na kama wodi yako inapata uchafuzi kwenye zaidi ya 3% ya damu inayooteshwa, rudini kwenye swali la 8.

13. Hakuna kilichoota baada ya siku 5. Sepsisi imefutika?

Haijafutika. Huenda dawa ilitangulia, damu ilikuwa kidogo, au chanzo kiko mahali ambapo hakimwagi bakteria kwenye damu. Mgonjwa mwenye VVU iliyoendelea anaweza kuwa na kifua kikuu ndani ya damu yenyewe, ambacho chupa za kawaida hazikioteshi. Kwake fikiria LAM, kipimo cha mkojo kinachotafuta chembe za bakteria wa kifua kikuu. Kama mgonjwa alitimiza sifa za sepsisi, andika "sepsisi, damu haikuota" pamoja na chanzo.

14. Nirudie kuotesha damu lini?

Staphylococcus aureus na Candida: rudia mpaka damu iwe safi, kwa sababu siku za tiba huanza kuhesabiwa kwenye damu ya kwanza iliyokuwa safi, na hazipungui 14. Staphylococcus aureus anataka pia moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Gram hasi wa kawaida kwa mgonjwa anayepata nafuu hawahitaji.

## Kuandika kwenye faili

15. Niandike maneno gani hasa?

Mambo matano: neno sepsisi lenyewe kama ndiyo hali, chanzo, mdudu akijulikana, viungo vilivyoathirika na ushahidi wake, na kama alikuja nayo au aliipata wodini. Faili zetu huandikwa kwa Kiingereza, hapa naweka maana yake.

Hivi ndivyo ninavyokuta mara nyingi: "Mgonjwa bado ana homa. Hali mbaya. Endelea na seftriaksoni." Ukurasa wa siku sita unaweza kuwa na mstari huu umenakiliwa mara sita. Mtunza kumbukumbu akifika hapo anabaki na homa tu, na homa ndiyo itakayopewa msimbo.

Linganisha na hii: "Sepsisi kutokana na nimonia ya pafu la kulia, alikuja nayo. Anapumua 32, oksijeni 86% bila msaada. Kreatinini 240, mwezi uliopita ilikuwa 90. Damu imeoteshwa mikono miwili 09:40, seftriaksoni 10:05. Dawa itaangaliwa upya baada ya saa 48." Ni mistari minne. Daktari wa zamu ya usiku asiyemjua mgonjwa atajua aanzie wapi. Maabara wataelewa majibu yao yanamhusu nani. Mtunza kumbukumbu hatahitaji kubahatisha.

Neno "kutokana na" lina kazi kubwa. "Sepsisi, figo kushindwa" ni mambo mawili yaliyokaa jirani. "Figo kushindwa kutokana na sepsisi" ni mnyororo. Kreatinini iliyopanda kwa mgonjwa wa figo wa miaka mingi isibebeshwe sepsisi kwa sababu tu imo kwenye ukurasa mmoja.

16. Naweza kuandika "urosepsisi"?

Usiandike. Mmoja anasoma UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), mwingine anasoma mgonjwa mahututi. Andika "UTI" au "sepsisi kutokana na UTI". Vivyo hivyo "anaonekana ana septiki": ama unaishuku na unasema kwa nini, ama umeithibitisha, ama umeiondoa. Utambuzi unaoshukiwa siku ya kwanza lazima uamuliwe kabla ya muhtasari wa kuruhusiwa. Ukiachwa hewani hakuna anayejua ulikoishia.

17. Mshtuko wa sepsisi ni presha ya ngapi?

Si presha peke yake. Baada ya maji ya kutosha, mgonjwa bado anahitaji dawa za kupandisha presha kama noradrenalini ili wastani wa presha ufike 65, na laktati (asidi inayopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni) iko juu ya 2. Pasipo na laktati, andika ulichonacho: mikono na miguu ya baridi, kucha kurudisha rangi kwa kuchelewa, mkojo wa saa sita.

Kiasi cha maji kilichoingia kiandikwe kwa mililita na saa, na kisiwe kingi kwa mazoea. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011 uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji ya haraka walifariki kwa takriban 10.5% ndani ya saa 48, na wasiopewa kwa 7.3%. Zambia nako, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, yalielekea hukohuko. Dripu si dawa isiyo na madhara.

18. Alikuja nayo au ameipata hapa?

Kwa kawaida, damu chanya iliyochukuliwa siku ya 3 ya kulazwa au baadaye huhesabiwa kuwa ya hospitali, isipokuwa dalili zilikuwepo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyechukua damu. Mgonjwa wa rufaa anasumbua: siku zake zilianza kule alikotoka. Nakili tarehe ya kulazwa ya kituo cha kwanza kutoka kwenye barua ya rufaa, pamoja na kanula na mpira wa mkojo aliokuja navyo.

## Misimbo

19. Naanzia wapi kwenye ICD-10?

ICD-10 ni orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. Kwenye toleo lake la Shirika la Afya Duniani, sepsisi ya streptokoki iko A40 (pneumokoki ni A40.3) na nyingine nyingi ziko A41: Staphylococcus aureus A41.0, Gram hasi A41.5, isiyotajwa mdudu A41.9. Lakini baadhi ya wadudu wana nyumba zao: Salmonella A02.1, meningokoki A39, Candida B37.7. Taifodi ni A01.0 na haiongezewi A41, kwa sababu kuingia kwenye damu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Viungo vikishindwa kwa sababu ya maambukizi ongeza R65.1, na mshtuko wa sepsisi R57.2. R65 haisimami peke yake wala haitangulii. Chanzo nacho kipate msimbo wake, mfano nimonia J18.9. Hali kuu ni ile iliyosababisha zaidi mgonjwa ahitaji kutibiwa, ikiamuliwa mwisho wa kulazwa. Utambuzi wa siku ya kwanza mapokezi unaweza kuwa mwingine.

20. Daktari ameandika "bakteremia" tu.

Basi ni A49.9, ambako bakteremia isiyofafanuliwa imewekwa. Usiipandishe kuwa A41. Kama chati inaonyesha mgonjwa aliyekuwa mahututi, muulize daktari kwanza (swali la 23).

21. Mama aliyejifungua na mtoto mchanga wanatumia A41?

Hapana, na hapa ndipo misimbo mingi inapokosewa. Sepsisi baada ya kujifungua ni O85, baada ya mimba kuharibika au kutoka ni O08.0. A41 inaweza kuongezwa kumtaja mdudu, lakini ikikaa peke yake mama huyo hatoonekana kwenye hesabu za uzazi. Kwa hiyo kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye sepsisi aulizwe alijifungua au kutoa mimba lini, na jibu liandikwe hata likiwa "hapana". Siku 42 ndizo mpaka.

Mtoto mchanga ni P36: streptokoki wa kundi B P36.0, Staphylococcus aureus P36.2, E. coli P36.4, isiyojulikana P36.9.

22. Mwenye VVU, mwenye mrija, na mdudu sugu?

Kama daktari ameihusisha sepsisi na VVU, tumia B20.1. Maambukizi yaliyotokana na mrija kwenye mshipa ni T82.7, ya mpira wa mkojo T83.5, ya baada ya upasuaji T81.4, kila moja pamoja na msimbo wa sepsisi. Y95 inaonyesha kwamba hali hiyo ilipatikana hospitalini. Usugu una misimbo yake ya kuongezea: methisilini U82.1, ESBL (vimeng'enya vya bakteria vinavyovunja antibayotiki) U82.2, dawa nyingi kwa pamoja U83.7. Hii ya usugu husahaulika karibu kila mara, wakati karatasi ya maabara ipo mbele ya macho.

23. Maabara inasema Klebsiella, daktari ameandika nimonia tu. Niweke A41.5?

Usiweke. Karatasi ya maabara haitoi utambuzi, daktari ndiye anayeutoa. Mwandikie au mfuate: "Samahani daktari, damu ya tarehe 14 imeota Klebsiella pneumoniae kwenye chupa zote mbili. Muhtasari unasema nimonia. Majibu haya yana maana gani kwa mgonjwa huyu?" Swali liwe wazi namna hiyo. Ukiuliza "nikuandikie sepsisi?" umemwekea jibu mdomoni, na kama dai la bima linapanda kwa neno hilo, umeingia pabaya. Ombi na jibu vibaki kwenye faili vikiwa na tarehe na sahihi.

24. ICD-11 inabadilisha nini?

Imeanza kutumika rasmi Januari 2022. Sepsisi bila mshtuko ni 1G40, yenye mshtuko 1G41, bakteremia MA15.0. Mdudu, chanzo na usugu huunganishwa kama nyongeza kwenye msimbo mkuu. Maandishi yanayotakiwa kwa daktari ni yaleyale ya swali la 15.

25. Ninaweka misimbo kwa ajili ya hospitali za Marekani. Kanuni ni hizihizi?

Mizizi ni ileile ila matawi yanatofautiana. Wao hutumia ICD-10-CM: bakteremia ni R78.81, sepsisi kali bila mshtuko R65.20, yenye mshtuko R65.21. Sepsisi na nimonia zikiwepo zote wakati wa kulazwa, sepsisi hutangulia. Sepsisi ikizuka baadaye, nimonia hutangulia. Neno urosepsisi halina msimbo kwao, ni lazima daktari aulizwe. Usihamishe R65.21 kwenye faili la Tanzania, wala R57.2 kwenye la huko.

## Vifo, hesabu na yanayobaki

26. Kwenye cheti cha sababu ya kifo niandike "sepsisi"?

Iandike, lakini isisimame peke yake. Sehemu ya I inataka mnyororo. Mfano: (a) mshtuko wa sepsisi, saa 14, (b) sepsisi ya Staphylococcus aureus, siku 3, (c) kidonda cha mguu, wiki 3, (d) kisukari aina ya 2, miaka 9. Mstari wa chini kabisa ndio unaohesabiwa kitaifa, na hapa ni kisukari. Ukiandika "sepsisi" tu, kifo kinaangukia A41.9, na wachambuzi wa takwimu za dunia huiweka kwenye kapu la sababu zisizofaa kupangia chochote. Sehemu ya II ni ya yaliyochangia bila kuwa kwenye mnyororo.

27. Tunahesabuje maambukizi ya mirija ya mshipa mkubwa?

Kila siku kwa saa ileile, mtu mmoja ahesabu wagonjwa wenye mrija. Jumla ya mwezi ni siku za mrija. Maambukizi 3 kwa siku 600 ni 5 kwa kila siku 1,000. Kwa kanuni za ufuatiliaji za Marekani, zinazotumiwa na wengi, mrija uwe umekaa zaidi ya siku 2 za kalenda, na bakteria wawe hawatokani na chanzo kingine kama nimonia au kidonda. Hesabu hii ni ya ufuatiliaji na haifanani na msimbo, hivyo namba za idara mbili zisipolingana si lazima mmoja awe amekosea.

28. Majibu yametoka baada ya mgonjwa kuruhusiwa au kufariki.

Aliyeruhusiwa atafutwe siku hiyohiyo. Staphylococcus aureus kwa mtu aliyeko nyumbani na vidonge ni dharura. Daktari aongeze maandishi mapya yenye tarehe ya leo, asifute ya zamani, na msimbo urekebishwe pale daktari anapobadilisha utambuzi. Aliyefariki naye arekebishiwe: cheti kinaweza kufanyiwa marekebisho, na mdudu aliyemuua anaweza kuwa bado yuko kwenye sinki la wodi ile. Wapigie simu ndugu. Namba yao ichukuliwe siku ya kulazwa na ipigwe palepale, simu iite mikononi mwao wakiwa bado wamesimama mbele yako.